Baba Mkwe Asiyekula Ugali

Gervais alipoacha sigara, alitaka kambi yote ya wakimbizi ya Nakivale imshangilie. Alisimama mbele ya jumuiya yao ya sala, akashika kifua, akasimulia alivyoitupa paketi ya mwisho chooni, kana kwamba ametupa humo dhambi za ulimwengu mzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wake, Ancilla, hakupiga. Yeye ndiye aliyemshika mgongo kila alipokohoa hadi machozi, na alimshukuru Mungu kwa dhati. Lakini mwanaume anayedai sifa kwa sababu ameacha kujiua, huyo hakumwona wa ajabu hata kidogo.

Kinywa kilichozoea sigara kikakataa kukaa bure. Asubuhi viazi vitamu, baadaye chapati, mchana mlima wa ugali, jioni mihogo na soda. Suruali zikagoma kufungika. Majirani, ambao kwao tumbo ni ushahidi wa neema, wakaanza kumwita bosi, naye akawa analitembeza lile tumbo kama zawadi inayopelekwa altareni. Hivyo hivyo mpaka magoti yakaanza kumuuma, na kilima cha kwenda kanisani kikamshinda.

Muuguzi mmoja huko Ruharo, mjini Mbarara, alimpima akamwambia bila kumzungusha. Sigara asiirudie, hata kwa kisingizio cha kupungua. Apunguze ugali, mihogo, viazi, na soda aiache. Sahani aijaze mboga, aongeze maharage kiasi, samaki, yai au kipande cha nyama. Na kila jioni atembee polepole, bila kujitesa.

Basi ikawa rejime, yaani mlo wa masharti. Gervais alilipenda neno hilo mbele ya mkewe, lakini nje alilificha kama kidonda. Bosi anayepangiwa chakula na muuguzi si bosi tena, ni mgonjwa. Hata kutembea kulimpa aibu. Nakivale mtu mzima hatembei tu. Anakwenda shambani, sokoni au kuchukua posho. Ukipita mikono mitupu, ukageuka na kurudi ulikotoka, watu wanatoka milangoni kukutazama. Gervais akaona ujanja: akawa anatembea na bido, dumu tupu la maji.

"Mzee, kisima hakiko fasi hiyo!" jirani alimpigia kelele.

"Ninajua!" alijibu Gervais, akaongeza mwendo.

Ancilla alicheka mpaka akakaa chini. "Tangu tufike kambi hii hujawahi kuniletea hata kikombe cha maji. Leo unalitembeza bido kama mbuzi wa malisho?"

"Mama Audace, wewe hujui heshima ya mwanaume."

"Ninaijua. Ni tupu, na ina mfuniko."

Hata hivyo suruali zilianza kulegea, na Ancilla aliendelea kumpikia mboga za lengalenga na samaki wa ziwani, huku akiomba asije akarudia moshi. Hilo tu ndilo aliloliomba. Majivuno ya mumewe alikwisha kumwachia Mungu.

Ndipo wakaalikwa Kakoba, mjini Mbarara, nyumbani kwa Nsengimana, ambaye binti yake Larissa alikuwa amechumbiwa na mtoto wao Audace. Njiani Ancilla alimwambia mumewe, "Tukifika, waambie mapema kwamba muuguzi amekukataza ugali."

"Niwaambie mimi mgonjwa? Wamnyime mtoto mke? Funga kinywa chako."

Nsengimana aliwapokea vizuri. Akaleta soda, Gervais akaomba maji. Nsengimana akasema hata maji ni baraka, ingawa uso haukusema hivyo. Kisha likaja sinia moja kubwa la wageni na wenyeji: ugali katikati, matoke pembeni, na juu yake nyama ya mbuzi, si nyingi, iliyokatwa ili kila mkono upate chake. Shangazi yake Larissa, Mariette, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, alikaa upande wa pili akitazama mikono ya watu.

Mkono wa Gervais ukaenda kwenye nyama. Ukarudi kwenye nyama. Ukauzunguka ugali kama unaogopa kuungua, ukaokota mboga, ukarudi kwenye nyama. Ancilla alimkanyaga mguu, lakini mume wake aliyejiona mjanja kuliko wote akamtazama kana kwamba yeye ndiye hana adabu. Audace, aliyekuja pamoja nao, aliinamisha kichwa. Sinia likabaki na ugali mtupu.

"Baba mkwe," alisema Mariette, "kumbe Nakivale kuna njaa ya nyama."

Neno moja la kweli lingemwokoa. Gervais akajikohoza kama hakimu. "Kwetu, ugali tunawaachia watoto."

Mariette alikitazama kipande cha ugali mkononi mwake, kisha akamtazama kaka yake Nsengimana, aliyekuwa bado anatafuna. "Umesikia? Sisi ni watoto. Watoto wasioachiwa hata mfupa."

Gervais akainuka, akasema anakwenda kupunga hewa. Ancilla alijua ni hewa gani. Akamfuata hadi kiduka cha kona, wanapoegesha vijana wa bodaboda. Alimkuta na sigara midomoni, akipapasa mifuko isiyo na kiberiti.

"Nilipokuwa ninavuta nilikuwa mwembamba," alisema bila kumtazama. "Hakuna aliyenicheka."

"Ulikuwa mwembamba kama ufito, na ulikohoa kama mbuzi. Tulikuonea huruma, ndiyo maana hatukucheka."

"Nikisema ninaumwa, Audace hapati mke."

"Sasa hivi wanajua baba yake ni mlafi na anawatukana. Kati ya mgonjwa na mlafi, wewe ungempa nani binti yako?" Akamwomba muuza duka kiberiti, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. "Washa. Mimi ninarudi kuwaambia. Nikimaliza, uje, watu waone ulichochagua."

Alirudi ndani akimwita Bikira Maria kimoyomoyo. Akawaambia yote: kikohozi, sigara, tumbo, muuguzi, na aibu ya mwanaume anayependa kuonwa mlafi kuliko kuonwa mgonjwa. Hata la bido aliwaambia. Mariette alijaribu kubaki na hasira, lakini bido lilimshinda. Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakicheza.

Mlango ukafunguka. Gervais akaingia, akasimama akikodolea macho miguu yake. Ancilla akamsogelea karibu sana, mbele ya watu wote, akamnusa mdomo. Ulinuka nyama ya mbuzi tu. Kiberiti alikuwa nacho bado mkononi, sigara hakuwa nayo.

Nsengimana akasogea kwenye mkeka, akalegeza mkanda. "Mkwe, huyo muuguzi," alisema kwa sauti ya chini, "matoke alisemaje? Mimi pia ngazi zinanichosha."

Gervais akainua kichwa. Akaketi, akashika kifua, akaanza tangu paketi ya mwisho ilivyotupwa chooni, sasa kwa sauti ya mtu aliyeigundua rejime mwenyewe. Ancilla alimdharau kwa moyo wake wote. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu, akavuta sinia karibu ili ale ugali uliobaki.