Arobaini Iliyosubiri Meli

Bi. Husna alifariki siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, akiwa amelala ubavu kuelekea dirishani. Alasiri alikuwa ameshazikwa. Wanaume walimbeba hadi makaburi ya Ndugumbi, Magomeni, na wanawake wakabaki nyumbani Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, kama ilivyo desturi ya ukoo ule. Magharibi ilipoingia, jirani yao Nassibu, mmoja wa walioshuka kaburini kumlaza, alirudi na udongo kwenye kucha akamwambia Tatu kwamba mama yuko karibu na ukuta, mstari wa tatu, pembeni ya mwarobaini mdogo. Tatu aliitikia kwa kichwa. Mama yake alikuwa mahali ambapo yeye hajawahi kupaona.

Siku hiyo Bushiri, mdogo wake Tatu na mtoto wa kiume pekee wa marehemu, alikuwa katikati ya bahari akikunja mataulo yawe na sura ya bata. Alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ya watalii, moja ya zile zilizo kama ghorofa lililolazwa ubavu, na kazi yake nusu ilikuwa kutandika vitanda, nusu kutengeneza bata wa kuwachekesha watu wazima. Habari za msiba zilimfikia kesho yake.

Bi. Husna aliacha neno moja tu. Alilitaja birika lake la bati, alilotawadhia miaka yote, akasema Bushiri akija alichukue, amwagie maji kaburi lake kwa mkono wake mwenyewe. Alisema mwanawe asipowahi kumzika, basi awahi hata hilo. Tatu aliliosha birika akaliweka nyuma ya mlango, na mtu yeyote hakuruhusiwa kuligusa.

Wiki ya pili Bushiri alipiga simu. Meli yao ingetia nanga Unguja, lakini siku hiyo ingekuwa ya arobaini na sita, si ya arobaini. Aliomba wamsubiri. Wafanyakazi hawakupewa ruhusa ya kwenda mbali, alisema, ila kulikuwa na ziara ya siku moja waliyouziwa abiria, ya kuvuka kwa boti kuja kuiona Dar es Salaam na kurudi kabla meli haijaondoka, na ziara hiyo ilihitaji mfanyakazi wa kuongozana nao. Alikuwa ameomba awe yeye.

Mjomba Abdulkadiri, kaka wa marehemu, alisema tangu azaliwe hajasikia maiti akingoja meli. Tatu alibishana naye siku nne. Alimtajia birika, alimlilia, mwishowe mzee akakubali kwa sauti ya mtu anayetaka kukumbukwa kwamba alikataa.

Na Tatu alizijua ziara zile. Alikuwa na fremu ya kuuzia khanga Mtaa wa Kongo, na mara kwa mara aliwaona watalii wakipitishwa, mstari mmoja nyuma ya mtu aliyeinua kibao chenye namba, mabegi wameyakumbatia kifuani kama wajawazito kwa sababu wameambiwa kuna vibaka. Walipiga picha fungu la dagaa. Walipiga picha mkokoteni. Mmoja alinunua kipande cha nanasi, akakinusa, akakiacha juu ya khanga za Tatu. Walikaa majini karibu saa nne, kwenda na kurudi, ili wapate saa tatu za mjini, na katika hizo tatu foleni ilikula moja na ushee. Blandina, aliyeuza ndoo fremu ya pili, alisema wale hawaji kuiona Dar, wanakuja kuhakikisha kama bado ipo. Tatu naye alikuwa na maneno yake: mtu akichungulia mlangoni kwako na viatu vyake miguuni, kisha akaendelea na safari, huyo hakukutembelea, huyo alipotea njia.

Hayo aliyasema kwa miaka. Kisha akaupanga msiba wa mama yake juu ya ziara hiyo hiyo.

Siku ilipofika, turubai lilifungwa mbele ya nyumba, mikeka ikatandikwa, pilau ikainjikwa alfajiri. Mpango ulikuwa rahisi. Dua ianze saa nne, imalizike saa tano kasoro, kisha Nassibu ampakie Bushiri kwenye pikipiki hadi Ndugumbi na kumrudisha. Boti ya kurudi Unguja ilikuwa saa sita na nusu. Bushiri alikuwa ameahidi kwamba atawaacha abiria sokoni na mwongozaji wa mjini, aje peke yake.

Saa nne ikapita. Mjomba Abdulkadiri alikaa na msahafu mapajani, hakuanza. Ujumbe uliingia kwamba kofia ya abiria mmoja ilipeperushwa na upepo pale soko la samaki Feri, na basi zima linamsubiri aipate. Tatu aliusoma ujumbe mara mbili. Mama wa watu alikuwa ameshasubiri meli siku sita, sasa alikuwa anasubiri kofia.

Saa tano na robo Bushiri alitokea. Alivaa sare nyeupe yenye jina lake kifuani, mkononi ameshika kibao chenye namba kumi na nne, na nyuma yake walikuwepo wageni kumi na mmoja, kwa kuwa mwongozaji alikataa kubaki nao peke yake katika msongamano. Blandina, aliyekuwa akikoleza moto wa masufuria, alimwangalia Tatu, kisha akayaangalia makaa.

Hapo ndipo muda ulipoliwa. Mtu ambaye hakuzika hawezi kupita turubaini kama anayekwenda dukani. Bushiri alichuchumaa mbele ya mama wadogo, mmoja baada ya mwingine, akatoa shikamoo, na kila marahaba ilikuja na pole, na kila pole ilikuja na habari ya namna marehemu alivyoomba uji asubuhi ile na asiunywe. Mmoja alimkumbatia akalia hadi sare ikalowa begani. Kila mtu pale aliijua saa ya boti, na hakuna aliyeweza kuikata salamu yake ili ya mwenzake ipate nafasi. Wageni walipiga picha masufuria. Tatu alisimama mlangoni na birika lililojaa maji, akimhesabia. Walikuwa wamebaki wazee saba. Kisha watano. Kisha simu ya Bushiri ikaita.

Alikuja mlangoni akipangusa macho.

"Dada, boti haisubiri."

"Arobaini ndiyo inayosubiri?"

Mzee mmoja katika wageni, mwenye kalamu na karatasi ya ziara, alimgusa bega akamuuliza jambo. Bushiri alisita, lakini kutafsiri ilikuwa kazi yake.

"Anakuuliza wewe kama mwenyeji. Inafaa mtu atoke Unguja aje Dar kwa siku moja?"

"Kwani yeye ameona nini?"

Bushiri alimuuliza. Mzee alihesabu kwa vidole: makumbusho, samaki, soko, na sasa msiba wa Kiswahili.

"Mwambie msiba hajauona," Tatu alisema. "Ameona turubai." Alimtazama mdogo wake tangu kibao hadi viatu. "Na wewe umeona turubai."

Bushiri alinyoosha mkono kulishika birika. Aliomba amwage hata pale kizingitini, Mungu anaona nia. Tatu alilirudisha kifuani, maji yakamrukia khanga.

"Mama hayuko kizingitini."

Bushiri aliinua kibao, kwa mazoea tu, na wale kumi na mmoja wakajipanga nyuma yake. Walipokata kona ya Mtaa wa Mchikichi, kibao ndicho kilichoonekana mwisho. Mjomba Abdulkadiri alimwangalia Tatu, hakusema alichokuwa na haki ya kukisema. Alifungua msahafu akaanza.

Ijumaa iliyofuata Tatu alimwomba Nassibu amwonyeshe njia. Mjomba alinung'unika kwamba wanawake wa ukoo huu hawaendi makaburini. Tatu akamjibu kwamba wanaume wa ukoo huu nao hawaendi. Aliukuta ukuta, mstari wa tatu, na mwarobaini, ambao ulikuwa mdogo kuliko alivyoufikiria. Alimwaga maji kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, birika lote.

Bushiri alituma ujumbe kutoka baharini kwamba ziara ile ilipata nyota nne kati ya tano, na kwamba akipangiwa tena atajitahidi. Tatu aliusoma akiwa dukani akahudumia mteja.

Siku hizi meli hutia nanga Unguja kila wiki ya tatu. Kila Ijumaa Tatu hufunga fremu saa tano, hubeba birika, huenda Ndugumbi.