Matundu Sita ya Mkanda

Usione vyaelea, vimeundwa. Tumbo la Twaibu halikuja kwa bahati. Liliundwa kwa miaka ishirini na zaidi, kwa wali, kwa sombe, yale majani ya muhogo, iliyozama katika mawese, na kwa mke aitwaye Safia, ambaye hakuwahi kukubali kwamba mtu ameshiba mpaka mtu huyo aombe msaada wa kuinuka. Mtaa mzima wa Mikelenge ulilijua tumbo hilo. Na lilibebwa kwa pikipiki. Kwenda butiki yake ya chumvi na sabuni kule Kasuku, pikipiki. Kwenda msikitini, ambao ni nyumba ya tatu kutoka kwake, pikipiki. Siku moja aliipanda kwenda kuomba kiberiti kwa jirani. Mnacheka? Kindu mtu mkubwa hatembei kwa miguu. Kutembea tulitembea wakati wa vita, tukashiba.

Basi siku alipoona nyota mchana kweupe, akashika rafu ya sabuni asianguke, alikwenda peke yake kituo cha afya. Mama Odile, muuguzi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa pilipili, alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akatazama. Kisha akakifunga mkono wa pili, kana kwamba ule wa kwanza umemdanganya.

"Kumi na tisa kwa kumi na moja," akasema. "Papa Twaibu, tansio hii njo ile inaangusha watu. Leo unasikia muzuri, kesho mudomo umepinda. Ama kesho hauamuke."

"Unipe kidonge, Mama."

"Nitakupa. Lakini chumvi upunguze, mawese upunguze, na utembee saa moja kila siku."

"Kwenda wapi?"

"Hapana fasi yoyote, hapana pahali. Unaenda, unarudi."

Twaibu alimtazama aone kama anatania. "Muntu atoke kwake, aende fasi haiko, kisha arudi?"

"Ndiyo. Njo sipori hiyo, mazoezi."

"Na kwa pikipiki, lakini polepole?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," Mama Odile akasema. Akaiandika ile namba kwenye kikaratasi, akaipigia mistari mitatu chini yake.

Twaibu alikikunja kikaratasi, akakificha ndani ya kofia yake. Kifo alikiogopa, tena sana. Binti yake Hawa alikuwa na mimba ya kwanza huko Kailo, na babu mtu alitaka kumwona huyo mjukuu. Lakini Safia alimwogopa zaidi. Sababu ilikuwa ya zamani.

Mwaka wa tisini na tisa, vita vimepamba moto na treni imelala, Twaibu alikuwa msukuma kinga. Ndiyo, kinga, baiskeli. Aliisukuma kwa mikono kutoka Kindu mpaka Kasongo na kurudi, wiki tatu porini, madumu ya mawese kwenda, chumvi kurudi. Alifanya safari sita. Kila aliporudi suruali ilikuwa inamwanguka, naye alichukua msumari na jiwe akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake wa ngozi. Mkanda ulitoka kwa fundi na matundu mawili. Vita vikauongezea sita. Aliporudi safari ya sita, Safia, mwenye Hawa mgongoni, alimvua shati, akazihesabu mbavu zake kwa kidole, moja baada ya nyingine. Hakulia. Alisema tu, "Mungu akitutoa apa, sitaziona tena hizi."

Mungu akawatoa. Safia akaanza kupika. Sasa wewe, mwanamke mwenye kiapo kama hicho, ukamwambie, "Mke wangu, mawese yako yananiua"? Twaibu hakuwa na moyo huo. Aliamua atembee, apungue, apone, na Safia asijue lolote.

Siku ya kwanza alitoka baada ya sala ya alfajiri, jua likianza kuchomoza. Hakufika mbali. Motari mmoja, kijana wa kubeba watu kwa pikipiki, akasimama mbele yake.

"Papa Twaibu! Pikipiki yako imekufa?"

"Iko nzima."

"Sasa?"

"Natembea."

"Unaenda wapi?"

"Hapana fasi."

Kijana alizima injini. Akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwingine. Wakamfuata watatu nyuma yake, polepole, taa zimewashwa, kama wanasindikiza bwana harusi. Mzee wa watu akatembea mbele akitoka jasho la aibu zaidi kuliko la mazoezi. Na hapo ndipo Kitenge, jirani yake, alipomwona. Kitenge ni mtu mwema kabisa, ila habari ikiingia sikioni mwake hailali humo. Hakuuliza kitu. Alikimbia.

Twaibu aliporudi kwake alikuta mikeka imetandikwa uani, viatu vimejaa mlangoni, na watu wameinamisha vichwa.

"Inna lillahi! Nani amekufa?"

"Hakuna mufu, ndugu yangu," Kitenge akasema, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mali inakwenda, mali inarudi. Butiki si kitu. Pikipiki si kitu."

"Pikipiki ile pale!"

Wote wakageuka. Pikipiki ilikuwa chini ya paa lake, inang'aa.

"Basi amekosa hata mafuta ya kutia," Kitenge akawanong'oneza wengine, na wanawake wakatikisa vichwa.

Kwetu pole haiji mikono mitupu. Kulikuwa na mabeseni mawili ya wali, kuku watatu wa kukaanga, na sombe ambayo mawese yake yaliogelewa na nzi. Kukataa chakula cha pole ni kumtukana aliyekipika, kila mtu anajua. Safia mwenyewe, haelewi hili wala lile lakini amefurahi kuona watu wanakula kwake, ndiye aliyepakua. Twaibu alikula sahani tatu. Kwa hesabu yangu mimi, siku ile ya kwanza ya mazoezi alinenepa.

Alibadili njia. Akawa anapita nyuma ya nyumba, anafuata reli mpaka kwenye behewa bovu lililoota majani, anageuka, anarudi. Huko alikutana na mbuzi tu, nao hawaulizi mtu anakwenda wapi. Kwa kuwa hakuwa na mizani, aliutoa ule mkanda wa vita kutoka ndani ya sanduku. Mara ya kwanza ncha na kifungo havikuonana kabisa. Baada ya mwezi, vilibakiza vidole vinne. Baada ya miezi miwili na nusu, ulimi wa kifungo ukaingia kwenye tundu la kwanza la fundi, na Twaibu akacheza peke yake chumbani, mzee mzima, akijiziba mdomo kwa mkono.

Mezani ilikuwa vita nyingine. Alisogeza mawese pembeni ya sahani kwa kijiko. Safia akainamisha sahani, yakarudi katikati. Alisema ameshiba, Safia akasema, "Nani amekushibisha?" Na hilo swali, ole wake, hakulisikiliza vizuri.

Maana fikirini wenyewe. Bwana anaondoka alfajiri. Amenunua viatu vya mpira vipya. Anarudi ameloa, anaoga, anaimba. Amekonda, na kwake anakula kidogo. Mwanaume anayekula kidogo kwake anakula kwingine, hata mtoto anajua hilo. Wanawake wa Mikelenge walikwisha hata kumtafutia huyo mke wa pili mtaa wa kukaa. Safia hakuuliza. Alinyamaza tu, na Safia akinyamaza hata kuku uani wanajiuliza wamekosa nini.

Asubuhi moja Twaibu alifika kwenye behewa, akageuka kama kawaida. Akiwa njiani kurudi aliona furushi la vikwembe, nguo za kujifunga, juu ya jiwe kando ya reli. Furushi lilikuwa linahema. Alipokaribia akamtambua mkewe, kandambili moja mkononi imekatika, jasho linamtiririka mpaka shingoni.

"Iko wapi?" Safia akasema, pumzi zikimkatika.

"Nani?"

"Mwanamuke."

"Mwanamuke gani?"

"Ule anakukondesha! Nimekufuata toka nyumbani. Umefika pale, umegeuka. Haukupiga hodi. Mulango iko wapi?"

Twaibu akatazama nyuma. Kulikuwa na reli, behewa na mbuzi mmoja. "Hakuna mulango, Mama Hawa."

"Sasa unakuja kufanya nini apa?"

"Kutembea."

"Kwenda wapi?"

"Hapana fasi," Twaibu akasema kwa sauti ndogo.

Safia aliitazama ile reli tupu. "Afazali kungekuwa na mwanamuke," akasema, na machozi yakaanza. "Ule ningemupiga. Mukanda nimeuona, Baba Hawa. Umeutoa mu sanduku. Unataka kurudi kwa tundu ya sita? Unataka nihesabu tena?"

Hapo Twaibu akaona hana tena pa kujificha. Alivua kofia, akatoa kile kikaratasi kilichochakaa kwa jasho, akampa. Akamwambia yote: nyota za mchana, rafu ya sabuni, mdomo kupinda, kutoamka. Safia alishika karatasi kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu."

"Na nikakupakulia kila siku."

"Ndiyo."

"Mawese?"

"Mawese yako ni matamu, Mama Hawa. Njo shida yenyewe."

Akampiga na ile kandambili begani, mara mbili. Kisha akalia kwa sauti, pale pale juu ya jiwe, bila kujali nani anasikia. "Safari sita nilikungojea. Nilisema risasi itamuua. Nilisema nyoka, nilisema njaa. Hata siku moja sikusema ni miye. Sikusema ni sufuria yangu."

Twaibu aliumia moyoni kuliko siku zote za porini. Akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo lile tumbo la zamani lisingemruhusu. "Haikuwa sufuria peke yake. Na pikipiki pia," akasema. "Na weye ulinilisha sababu ulinipenda, na miye nilikula sababu nilikupenda. Sasa tunaelekea kufa na mapenzi yetu. Nataka nione mutoto wa Hawa, Safia. Nataka tumuone wawili."

Safia alijifuta uso kwa ncha ya kikwembe. Akanyoosha mkono ainuliwe. Twaibu akamvuta, na mwanamke huyo si mwepesi, lakini aliinuka kwa mvuto mmoja. Akamsikiliza mumewe kifuani.

"Hauhemi," akasema.

"Sihemi."

"Miye nahema."

"Nasikia."

Wakarudi kwa kupitia barabara kubwa, Safia peku mguu mmoja. Motari yule yule akasimama. "Papa! Mama! Pandeni!"

"Tunatembea!" Safia akamjibu.

"Munaenda wapi?"

"Uulize mama yako anaenda wapi!" Na kijana akaondoka haraka.

Walipofika nyumbani Safia hakuingia jikoni. Aliutoa mkanda kwenye sanduku, akatafuta sindano ya magunia na uzi mnene mweusi, akakaa mkekani mlangoni. "Haya mawili ni ya fundi," akasema. "Apa unaweza kufika, hata leo. Lakini haya sita ni ya vita." Akachoma sindano katika tundu la kwanza la msumari. Ngozi ilikuwa ngumu, akaisukuma kwa kisigino cha ile kandambili. Alishona moja baada ya jingine, akikaza fundo kila mara kwa meno, akiyahesabu kwa sauti kama alivyohesabu zile mbavu, mpaka yote sita yakazibwa.

Tangu siku hiyo wanatembea wawili. Kitenge akatangaza kwamba sasa wamefilisika wote, lakini mikeka haikutandikwa tena, maana Safia alimfuata mpaka kwake kumfafanulia. Mama Odile akapima, akapata kumi na nne kwa nane, akapima na mkono wa pili, ikatoka ile ile. Mtoto wa Hawa alizaliwa, msichana, na alipoletwa kutoka Kailo babu yake alimbeba kutoka katikati ya mji mpaka Mikelenge kwa miguu, wapenda maneno wakimtazama.

Juzi Twaibu alikuwa akivaa kwenda sala ya Ijumaa. Alifunga mkanda kwenye tundu la pili la fundi, akaona suruali bado inateleza. Bila kufikiri, kidole chake kikatafuta tundu linalofuata. Kikakuta fundo la uzi. Alisimama hapo, kidole juu ya fundo, macho yakamlowa.

"Mama Hawa!" akaita. "Leo uongeze wali!"

Jikoni Safia akacheka mpaka akashika mlango, akaongeza miiko miwili, na mawese tone moja tu.