Fungu la Bingwa

Katika mchezo wao kila mtu huja na fungu lake la karata, alilolichagua mwenyewe kati ya mamia. Msusi fungu lake alilisuka kama anavyosuka vichwa: anafumua, anaanza upya, chai inapoa. Kila mashindano lilimfikisha karibu na fainali, kisha likamwangusha.

Wifi yake, muuza dawa, hakuwa na subira hiyo. Alilinakili mtandaoni fungu la bingwa wa mwaka uliopita, karata kwa karata.

"Njia ishapitika, wifi. Ya nini kufyeka msitu upya?"

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," Msusi alimjibu, wakacheka.

Lakini wiki ya mashindano Msusi hakutulia. Alianza kazi akaiacha, akaenda dirishani, akarudi. Mteja mmoja alishika kichwa akalia, "Dada, unanisuka au unaning'oa?" Siku ya kuamkia mashindano alifunga saluni mchana, akanunua karata zilizopungua, akalipanga fungu lile lile la bingwa. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Ukumbini, juu ya duka la fanicha, alishinda michezo miwili kwa taabu, kama mtu anayetembea na viatu vya mwingine. Wa tatu alipangiwa wifi yake.

Msusi alipoweka karata ya kwanza mezani, wifi aliitazama, akamtazama yeye.

"Zako ziko wapi?"

"Nyumbani. Cheza."

Wakacheza. Msusi alikuwa na karata kubwa ya bingwa, akaitoa mapema, kama alivyosoma mtandaoni. Wifi naye alikuwa nayo, lakini aliikalia. Alimwacha Msusi amalize nguvu, ndipo akaishusha. Mchezo ukaishia hapo.

Msusi alinyoosha mkono wa pongezi. Wifi hakuupokea.

"Mwezi mzima nimejifunza kukushinda wewe! Nimetoa karata nne za bingwa, nikatia zangu, kwa ajili ya lile fungu lako tu. Leo zimenikalia mkononi kama mawe."

"Zako? Ulizichagua mwenyewe?"

"Kumbe ulidhani mimi kasuku?"

Msusi alisimama nyuma ya kiti cha wifi mchezo uliofuata, akaona yale mawe yakimzamisha mbele ya kijana mgeni. Kila moja lilipotoka, alijua lilikuwa limekusudiwa yeye.

Kwenye ngazi wifi alishuka mbele, bila kugeuka.

"Wifi, nisamehe."

"Sitaki samahani. Nataka kujua kama ningekushinda."

"Basi twende kwangu."

"Sasa hivi?"

"Mimi usingizi sitaupata."

Mume wa Msusi aliwakuta wamesogeza vyombo vya chakula pembeni, viatu bado miguuni. Aliuliza nani anaongoza, hakuna aliyemsikia. Msusi alicheza lake mwenyewe, kila karata akiijua kwa kucha zake, na mawe manne ya wifi yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, pale pale panapouma. Msusi alishindwa, tena vibaya kuliko kule ukumbini.

Alizikusanya karata zake, akazitawanya tena, akavuta kiti karibu.

"Nionyeshe hizo nne," akasema. "Hii ya mwisho uliipata wapi?"

"Niliifikiria nikipima dawa," wifi akajibu, mara ya kwanza akitabasamu. "Nusura nimpe mgonjwa ya mwenzake."