Nyimbo Tatu za Yuliana

Kwa miaka sita Mniko alirekodi nyimbo chumbani kwake Kigera, Musoma. Kuta alizifunika kwa magodoro yaliyochakaa, dirisha akaliziba kwa blanketi, na kila alipoulizwa kwa nini hakodi studio ya kweli, alijibu kwamba kazi nzuri hutoka masikioni, si kwenye jengo. Watu walimwamini. Walitoka hata kijiji cha Bukima kuja kurekodi kwake.

Jumatatu moja akaja Yuliana, mwimbishaji wa kwaya kule Butiama, mama wa miaka hamsini na kitu. Kulikuwa na joto, lakini alikuwa amejifunga kitenge shingoni. Baada ya salamu alikifungua, Mniko akaona uvimbe.

"Daktari wa Mwanza anautoa wiki ijayo," alisema. "Kaniambia ukweli: sauti inaweza ikabaki, inaweza ikabadilika. Nimekuwaga mwimbishaji tangu msichana, mwanangu, na sijarekodi hata wimbo mmoja. Nataka nyimbo tatu, na wenzangu wanane nyuma yangu."

"Tutarekodi, mama."

Walijaribu Jumatano. Watu tisa hawakuenea, wengine wakaimbia koridoni. Yuliana alipopandisha sauti, chumba kiliisonga, ikatoka butu kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Kisha mvua ikapiga bati, wakaacha. Mniko aliwaambia atawapigia simu. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Studio yenye chumba kikubwa alikuwa anaijua. Ilikuwa Bunda, ya Gody, rafiki yake wa zamani. Walianza kazi pamoja kwa kompyuta moja. Gody alipotaka kujenga alimwomba waungane, naye Mniko akacheka mbele za watu, akasema mwenzake anajenga ghala la pamba. Huu ulikuwa mwaka wa nne hawasemeshani.

Jioni hiyo alimwekea mkewe, Dorkas, ile rekodi. Dorkas aliisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu siye yule mama niliyemsikia uani akipasha sauti."

"Naweza kuisafisha kwenye kompyuta."

"Utasafisha kilichoingia. Ambacho hakikuingia je?"

Mniko akachomoa maiki, akaanza kukunja waya wake.

"Baba Rhobi, usichokitaka ni studio, au ni Gody?"

Akauweka waya mezani. "Ni aibu," alisema.

Kesho yake alikwenda Bunda. Gody alimfungulia mlango, wakapeana mikono kama wageni.

"Nataka kukodi Jumamosi," Mniko alisema. "Na lile neno la ghala la pamba, nilikosea. Nisamehe."

Gody alijikuna kidevu. "Mwaka wa kwanza lilikuwa ghala kweli. Mwangwi mtupu! Nilikuwa nakutafuta kwenye simu, halafu naiweka chini." Akasogea pembeni. "Ingia usikilize."

Mniko alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja. Sauti ilienda, ikakaa kidogo, ikazimika taratibu. Akapiga tena, kwa raha tu.

Jumamosi kwaya ikaja. Gody alimweka Yuliana peke yake nyuma ya kioo, na hedifoni masikioni. Yuliana akaimba kwa woga, akakosea maneno aliyoyaimba miaka thelathini. Wakarudia, ikawa vilevile. Mniko akaingia, akamvua zile hedifoni, akawaita wenzake wamzunguke waonane usoni, kisha akasogeza maiki mbali nao.

"Mama, wasalimie kwanza. Halafu tuimbie kama Jumapili."

Yuliana akawasalimia, wakacheka, akaanza. Upande wa pili wa kioo Gody aliacha kugusa mitambo. Nyimbo zote tatu zilipatikana kabla ya chakula cha mchana.

Operesheni ilikwenda salama. Miezi miwili baadaye Yuliana alikuja Kigera, kovu limepona, sauti imeshuka na ina mkwaruzo. Juu haipandi tena. Mniko aliogopa kumwekea nyimbo, lakini mwenyewe alizidai. Alizisikiliza machozi yakimtiririka, akaomba zirudiwe. Safari hii akaimba chini ya sauti yake mwenyewe, akishika sauti ya pili, mwanzoni kwa kutafuta, kisha kwa uhakika.

"Umesikia?" akauliza, akijifuta uso. "Wanaenda pamoja, yule wa zamani na huyu wa sasa."

"Wanaenda, mama."

"Basi nirudishie ule wimbo wa katikati. Kuna mahali nimemwacha."