Nondo Katika Lesi

Mama Futi hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Katika miaka ishirini na minne ya kushona alishaona gauni la bibi harusi likipasuka mgongoni nusu saa kabla ya ndoa, akalishona palepale likiwa mwilini, bibi harusi analia huku yeye anatunga uzi. Lakini Jumamosi ile asubuhi, alipoinama mbele ya tangi la samaki sebuleni kwake, aliona doa jeupe kwenye ukingo wa Lesi, na chai ikamwagikia miguuni.

Lesi alikuwa tumbawe. Si jiwe la pambo, kama wageni walivyodhani hata baada ya kuelezwa mara tatu, bali kiumbe hai cha rangi ya kijani kibichi, aliyekua tabaka juu ya tabaka, kingo zake zikijikunja kama lesi iliyoshonewa kwenye pindo la gauni. Jana yake alikuwa mzima. Sasa palikuwa na alama yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nyeupe kabisa, nyama imeliwa na mfupa umebaki.

Mama Futi alichukua kioo cha kukuzia, kile alichotumia kutunga uzi kwenye sindano nyembamba, akakisogeza karibu na tangi. Pembeni mwa doa palikuwa na kitu kama punje ya mchele, ila punje hiyo ilikuwa na mashada mgongoni na ilikuwa ikitembea. Nyuma yake ilikuwepo ya pili.

"Nondo," alisema.

"Za milimita ngapi?" mume wake aliuliza kutoka chumbani, alikokuwa akitafuta soksi ya pili. Alikuwa mwashi, na kwake nondo zilikuwa vyuma vya kusukia nguzo.

"Hawa wanatembea. Nondo wa kula nguo."

"Wako kabatini?"

"Wako kwa Lesi."

Soksi ikasahaulika. Mwashi alikuja na mguu mmoja mtupu, akatazama kupitia kile kioo, na utani ukamwisha mdomoni. Kwenye kundi lao la simu, wafugaji wa matumbawe waliwajua vizuri wadudu hao, wakiwaita konokono wasio na gamba. Mama Futi aliwaita nondo kwa sababu kazi yao ilikuwa ileile, kula kitu kizuri polepole mpaka kibaki vitundu.

Miaka tisa nyuma alikuwa amepasuliwa jicho, na daktari akampiga marufuku kushika sindano kwa miezi minne. Kumwambia mwanamke yule asishone ilikuwa kama kumwambia asipumue. Alikaa akitazama ukuta, na akafika mahali pa kugombana na ukuta wenyewe. Ndipo mume wake, aliyekuwa akibomoa nyumba ya mtu aliyehama, akarudi na tangi kuukuu, na ndani yake, juu ya kijiwe, kipande cha kijani kisichozidi kifungo cha shati. "Mtazame huyo," alimwambia. "Hahitaji sindano." Akamtazama. Jicho lilipopona, kifungo kilikuwa kimekuwa kisahani cha chai, angalau machoni pake, na tangu hapo hakuona haya kusema kwamba kitu kile ndicho kilichomzuia asiwehuke. Watu wanne aliwahi kuwagawia vipande, na vyote vilikufa mikononi mwao. Huyu akifa, hapakuwa na mahali pa kuomba mbegu.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba alijua nondo walipitia mlango gani.

Mwezi mmoja kabla, shemeji yake, mdogo wa mume wake, alikuja na kipande cha tumbawe la zambarau kwenye mfuko wa maji. Alikuwa fundi simu, na dukani kwake naye alikuwa na tangi, alilolianzisha kwa kumwonea wivu mke wa kaka yake, jambo alilolikiri mwenyewe bila kuulizwa. Sheria ya Mama Futi ilijulikana na wote: kipya chochote kinakaa kwanza ndooni peke yake, wiki sita, kikikaguliwa. Ndoo ilikuwa tayari jikoni. Lakini shemeji alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Ndooni? Kwani ana upele?"

"Hapana, shemeji. Ni utaratibu tu."

"Basi na mimi nikija muwe mnanikalisha mlangoni wiki sita."

Mwashi akacheka. Mama Futi naye akacheka, akaona aibu, akakitumbukiza kipande kile tangini mbele ya macho ya mwenye zawadi, kwa heshima zote. Mtu aliyezoea kufumua suruali nzima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda alishindwa kumkalisha mgeni ndooni.

Siku ile ya doa alijifunga kibwebwe. Alikitupa kipande cha zambarau, akamtoa Lesi na jiwe lake, akamwogesha kwenye beseni lenye maji ya chumvi na dawa ya kahawia, akimtikisa dakika kumi huku akitazama saa. Nondo walianguka mmoja mmoja wakijikunja. Aliwahesabu. "Kumi na mmoja," alimwambia mume wake kwa ukali, utadhani alikuwa amebishiwa. Akamrudisha Lesi mahali pake, akaenda kazini akiimba.

Baada ya siku nane palikuwa na madoa matatu mapya.

Hapo ndipo aliposhika tama. Si kwamba alichoka. Alijionea hasira. Kila siku ya kazi yeye hugeuza nguo ndani nje kabla ya kumkabidhi mteja, kwa sababu uzi uliolegea hujificha upande wa ndani. Na Lesi, aliyempenda kuliko nguo zote alizowahi kushona, alikuwa amemkagua kwa nje tu. Akanawa mikono, akamwinua, akamgeuza. Chini kabisa, pale sehemu iliyokufa zamani ilipogusana na jiwe, palikuwa na mayai, meupe, yamepangwa kwa mistari kama mishono ya fundi mlevi. Dawa ilikuwa inaua mama, watoto hata habari hawana.

"Kumbe kiwanda kiko huku," alisema mume wake.

"Nakifunga leo."

Njia ilikuwa moja. Kukata kingo zilizo hai, kulitupa shina lote pamoja na mayai yake, kuvihamishia vipande ndooni na kuliacha tangi bila tumbawe la aina ile, ili nondo waliobaki wafe njaa. Kisha kila Jumamosi kuogesha na kugeuza, mpaka zipite Jumamosi sita mfululizo bila nondo wala yai. Mwashi alijitolea kukata.

"Mimi nina koleo, na machozi sina," alisema.

"Koleo nipe. Machozi niachie mwenyewe."

Alilaza uzi mweusi juu ya Lesi kuonyesha mstari, kama anavyofanya kwenye kitambaa kisichoshika chaki. Akapima. Akapima tena. Miaka tisa hakuwahi kutia chuma mahali pale zaidi ya kile kidogo cha kugawia watu. Akakata. Lesi alivunjika kwa sauti ya biskuti kavu, na Mama Futi akalia, tena kwa sauti, huku mkono wake ukiendelea na kazi. Vilitoka vipande tisa. Kila kimoja alikisugua kwa mswaki, akakigeuza, akakikagua kwa kioo, akakiweka ndooni. Shina, lenye uzito wa tofali, mume wake alilitoa nje.

Jumatatu, akiwa njiani kwenda kazini, alipitia dukani kwa shemeji.

"Shemeji, nina jambo, na usinune."

"Nikinuna utaniona mdomo."

"Kile kipande chako kilikuja na nondo."

Shemeji aliweka bisibisi chini. "Mimi tangi langu safi. Labda hao nondo ni wenyeji wa kwako."

Mama Futi hakubishana. Aligeuka kulitazama tangi lenyewe, lililokuwa nyuma ya kaunta ili wateja wapoteze muda. Nusu ya matumbawe yalikuwa meupe. Shemeji alisema ni mwanga, amebadilisha taa mara mbili.

"Toa kimoja," Mama Futi alisema. "Kiweke kwenye hadubini yako."

Hadubini ile ilikuwa ya kutazamia vipuri vya simu, vidogo kuliko ufuta. Shemeji alikiweka kipande kwa shingo upande, akainama. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri betri naye akanyoosha shingo. Shemeji alikaa ameinama muda mrefu.

"Wanatembea," alisema hatimaye.

"Geuza."

Akageuza. Alipouinua uso, ulikuwa umemshuka.

"Kwa hiyo nilikuletea ugonjwa, halafu nikakulazimisha uupokee."

"Mimi ndiye niliyekuwa na ndoo, shemeji. Niliona aibu kwako."

"Ungeniwekea ndooni ningenuna mwaka mzima."

"Najua. Ungenuna, na Lesi angekuwa mzima."

Mteja akauliza kuhusu betri yake.

Jumamosi zikaanza kuhesabiwa. Ya kwanza waliokotwa nondo wanne. Ya pili wawili, na vipande viwili vikafa, vikawa vyeupe kama chaki. Ya tatu hakuonekana hata mmoja, na hesabu ikaanza hapo. Moja. Mbili. Kipande cha tatu kikafa bila sababu iliyojulikana. Tatu, nne, tano. Mwashi alikuwa ameshajigonga kidole mara nne kwenye ndoo iliyoziba njia ya jikoni.

"Warudishe sasa. Wamepona hawa," alisema.

"Bado moja."

Jumamosi ya sita aligeuza kipande cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu, safi. Cha nne alikishikilia mbele ya dirisha, na pale chini, kwenye kijishimo, palikuwa na nondo mdogo kama nukta.

"Ni mmoja tu," alisema mume wake upesi.

"Tunaanza upya."

"Kutoka ngapi?"

"Kutoka sifuri."

Akauona uso wa mke wake, akaenda kuchanganya maji ya chumvi. Baadaye alimwambia mwashi mwenzake kazini kwamba amewahi kuona mikataba mikubwa ya ujenzi ikiendeshwa kwa msimamo legelege kuliko ule. Mama Futi mwenyewe hakujiona shujaa. Mgongo ulimuuma, vidole vilikuwa na harufu ya dawa mpaka wateja wakauliza, na mara moja, akiwa peke yake jikoni, alikaribia kuimwaga ndoo yote nje na kuwa huru. Akamgeuza aliyefuata.

Jumamosi ya sita ya mzunguko wa pili hapakuwa na kitu. Alikagua mara tatu, kisha akamwita mume wake akague, kisha akakagua kazi ya mume wake. Katika mzunguko huo viwili zaidi vilikuwa vimekufa, vikabaki vipande vinne. Vitatu vilirudi tangini, kila kimoja kwenye jiwe lake jipya, na vilikuwa vidogo kiasi kwamba mgeni asingejua kuna kitu. Mama Futi alivuta kiti akakaa mbele yao kama alivyokaa miaka ile. Alifurahi mpaka akasahau chai.

Kipande cha nne, kikubwa kuliko vyote, sawa na kifungo cha koti, kilikuwa na mwenyewe. Shemeji alikuwa amepoteza matumbawe yake yote ya aina ile, amelisafisha tangi na kungoja. Jumapili alikuja. Mama Futi alimpa mfuko wa maji kwa mikono miwili.

"Huyu ni wako. Usimuue."

Shemeji aliupokea, akashukuru, akautazama kwenye mwanga. Kisha akatoka mlangoni akarudi na kitu alichokuwa amekiacha kibarazani. Ilikuwa ndoo mpya yenye kifuniko, na pampu ndogo ndani yake.

"Atakaa humu wiki sita," alisema.

Mama Futi alisikia kitu kikimchoma kifuani. Lesi wake? Ndooni? Baada ya Jumamosi zote zile alizomgeuza na kumsugua, mtu anasimama sebuleni kwake kumshuku? Maneno yalimtoka kabla hajayazuia.

"Kwani ana upele?"

Shemeji hakucheka, na hakuinamisha macho.

"Hapana, shemeji. Ni utaratibu tu."

Mume wake, aliyekuwa kwenye kochi, alijifanya anatafuta soksi. Mama Futi alisimama kidogo na ule mchomo wake, akaujua ulikotoka, ukamwisha. Akauchukua tena mfuko, akaufungua, akamtoa Lesi kwa vidole vyake mwenyewe, na kabla ya kumteremsha ndooni akamgeuza mara moja zaidi, atazame upande wa ndani.