Sauti ya Kumi

Ombi la kwanza lilipoingia kutoka soko la data la Ulaya, Moraa aliruka kitini, goti likagonga meza, na wala hakusikia maumivu.

"Noordin! Limekuja! Malmö! Ni watu wa Malmö!"

"Nimeona," Noordin alijibu kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote tangu utotoni kwao Thornhill, pembeni mwa Toronto, ila mdomo wake ulikuwa umezoea kujibu kwa Kiingereza tu. "Kaa chini kabla hujaangusha mitambo."

Mitambo yenyewe ilikuwa kompyuta moja nyeusi iliyonguruma chini ya meza, katika chumba walichopanga juu ya duka la kinyozi, barabara ya Weston, Mount Dennis. Ndani yake kulikuwa na kazi yao ya miaka miwili: sauti za wazee wa Afrika Mashariki wanaoishi Toronto na vitongoji vyake, wakizungumza Kiswahili chao cha sebuleni. Wengine waliongea juu ya magoti, wengine juu ya wakwe.

Na huko Ulaya palikuwa pakijengwa jambo ambalo Moraa hakuchoka kulisimulia, hata kwa watu wasiouliza. Kwa muda mrefu hospitali zilikuwa na hazina yao ya data, wakulima na yao, wataalamu wa lugha na yao, kila moja kisiwa. Sasa visiwa vilikuwa vinaunganishwa. Kungekuwa na soko moja la kuonyesha ulicho nacho pamoja na masharti yako, rafu moja ya akili unde za kuazima, na kompyuta kuu za pamoja za kubeba hesabu nzito. Hazina chache za nje ya Ulaya ziliruhusiwa kujaribu kujiunga, na yao ilikuwa mojawapo. Sharti lilikuwa moja: leo, ombi halisi lipite kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya saa sita mchana, saa za Toronto. Likipita, wanaingia sokoni. Likikwama, nafasi inakwenda kwa wengine.

Reena, msimamizi wa jaribio, alikuwa akiwatazama kupitia skrini akiwa Rotterdam. "Wauguzi wa Malmö wana kifaa cha kusaidia nyumba za wazee," alisema. "Bibi akisema kitu kwa Kiswahili, kifaa kimweleze muuguzi Mswidi. Kinaelewa Kiswahili cha redioni. Cha wazee kinakishinda. Wanaomba mazungumzo yenye sauti za wazee kumi."

"Tunazo!" Moraa alisema. "Tunazo tele!"

"Basi fungueni mlango."

Mlango huo ndio uliokuwa fahari ya Moraa. Kila nyumba aliyoingia kurekodi alitoa ahadi ileile. "Sauti yako haisafiri," aliwaambia. "Mwanafunzi ndiye anayesafiri. Ile programu inayojifunza itakuja kwetu, itasikiliza, itaondoka na ilichojifunza. Na kila itakapotaka kuja, utaulizwa kwanza." Noordin akaijenga ahadi hiyo ndani ya kiunganishi chao, programu inayopokea maombi ya sokoni: ombi likiingia, simu za wenye sauti zinapata ujumbe, akubaliye anaingizwa, akataaye anaachwa nje.

Noordin alibonyeza. Ujumbe ukaenda. Wakakodolea macho skrini.

Hakuna aliyejibu.

"Subiri kidogo," Noordin alisema.

Wakasubiri. Kisha simu ya Moraa ikalia, ikalia tena, na tena. Lilikuwa kundi la wasap la kanisani. Mama Shaun, muuguzi ambaye kundi zima lilimwogopa, alikuwa ameandika: "JIHADHARINI. Matapeli wameingia, wanataka sauti zetu. Msibonyeze chochote!!!" Chini yake watu walikuwa wakimshukuru kwa mikono ya maombi.

"Noordin. Uliwaandikia nini?"

Alimwonyesha. *Ombi la matumizi ya sauti. Jibu 1 kukubali, 2 kukataa.*

Moraa alishika kichwa. "Hujasalimu!"

"Ni ujumbe wa mashine."

"Mashine haina wazazi? Unamtumia mtu mzima aliyekukaribisha kwake, akakupa chai, ujumbe kama wa polisi! Hukumuuliza hali. Hukusema wewe ni nani. Mimi mwenyewe ningekufuta."

"Watu hupenda ujumbe mfupi."

"Watu gani hao? Wa wapi?"

Noordin alitazama saa, kisha akateremsha sauti. "Moraa, sahihi zao tunazo, za siku tuliyorekodi. Kuna kitufe cha idhini ya jumla. Nikibonyeza, tunamaliza sasa hivi. Kesho tunawaandikia vizuri."

Kwa nukta moja kitufe kile kilimvutia. Kisha Moraa aliona sura za watu wale, ukumbi wa kanisa, sahani za chapati, na yeye mwenyewe amesimama mbele akisema utaulizwa kwanza, kila mara.

"Hapana," alisema. "Hicho usikiguse. Ondoa mkono kabisa. Sogea huko, niandike mimi."

"Kuna tatizo?" Reena aliuliza.

"Tumesahau kusalimia."

Reena aliweka kikombe chini taratibu. "Bibi yangu wa Paramaribo angeitupa simu dirishani. Andikeni haraka."

Moraa aliandika huku midomo ikicheza: *Shikamoo. Habari za asubuhi? Poleni na baridi. Ni mimi Moraa, niliyekuja kwenu kurekodi mazungumzo pamoja na Noordin. Naomba radhi kwa ujumbe uliotangulia, haukuwa na adabu. Wauguzi wa Malmö, Uswidi, wanataka kifaa chao kijifunze kuwasikia wazee wetu walio wagonjwa. Sauti yako itabaki hapa Toronto. Je, unaridhia? Ukipenda, nijibu kwa sauti.*

"Kwa sauti?" Noordin aling'aka. "Kiunganishi kinajua moja na mbili tu!"

"Na ile rafu ya pamoja? Si kuna akili unde ya kusikiliza Kiswahili, tena ya bure leo? Iazime."

Noordin aligeukia kompyuta. Macho yakamng'aa. "Hiyo... hiyo inawezekana." Vidole vyake vilianza kukimbia. "Ninaivuta kutoka rafuni, ninaifunga hapa, na ikiwa na shaka inakuletea wewe usikilize. Mungu wangu, inawezekana kweli!"

Ujumbe ukaenda. Mara chumba kikajaa sauti za watu.

"Marahaba mwanangu, hatujambo, goti tu. Wachukue, wachukue." Huyo alikuwa Mzee Mugambi, mwimbaji wa besi. Akili ya kuazima ikaandika: *ameridhia.*

"Moraa, ni wewe? Mbona hukusema tangu mwanzo? Nimeridhia, lakini ile sehemu niliyokohoa waiondoe."

"Macharia hapa. Ndiyo. Na uje kula Jumapili, umekonda."

Sita. Saba. Reena alikuwa amesimama kule Rotterdam, akihesabu kwa vidole. Nane. Tisa! Moraa alikuwa akizunguka chumba akipiga makofi, na kinyozi wa chini aligonga dari kwa ufagio.

Kisha simu ya Noordin ikaita. Alipoitazama, aliketi wima.

"Ni Dadima," alisema. Bibi yake mzaa baba, Bi Khurshid wa Thornhill, mzaliwa wa Mwanza. Akaweka sauti ya juu.

"Ujumbe wa kwanza nimeufuta," Bi Khurshid alisema bila kupoteza muda. "Wa pili una adabu. Nani kaandika?"

"Moraa."

"Nilijua si wewe. Sasa niambie. Hiyo wanayoitaka ni ile ya mimi na babu yako?"

Ndiyo hiyo. Babu yake Noordin, Abdulhussein, na mkewe wakibishana juu ya duka lao la vitambaa, nani alimwona mwenzake kwanza, miezi michache kabla mzee hajafariki. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote katika hazina.

"Ndiyo, Bi Khurshid," Moraa alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Na yeye kaulizwa?"

"Dadima," Noordin alisema kwa Kiingereza, polepole, "babu amefariki."

"Najua amefariki, eda nimekaa mimi! Nauliza kama kaulizwa. Alikubali sauti yake ibaki kwetu. Ya Uswidi hakuambiwa. Basi hapana."

Saa ilisonga. Noordin alimgeukia Moraa, akanong'ona, "Mwambie ni kwa ajili ya wagonjwa. Atalegea."

"Amekwisha jibu," Moraa alisema, na kwa mkono wake mwenyewe akabonyeza *Kataa*.

Kule Rotterdam, Reena aliinamia kibodi. "Faili lao limefungwa hadi huku? Ngojeni nijaribu kuingia." Akajaribu. Akajaribu kwa njia nyingine. "Halifunguki! Mnajua watu wangapi wameniuliza kama hapana ya bibi mmoja inaweza kuizuia kompyuta kuu? Imezuia!" Kisha uso ukashuka. "Lakini bado ni tisa. Nasikitika. Sharti ni kumi."

Saa tano na nusu ilikuwa imepita.

"Mbona mmenyamaza?" Bi Khurshid aliuliza simuni. "Wanataka nini hasa? Mzee anayezungumza Kiswahili? Kwani mimi nimefariki? Washeni hiyo mashine."

Moraa alishika ukingo wa meza. "Sasa hivi? Bi Khurshid, tunaweza! Ila lazima yawe mazungumzo ya watu wawili. Nitaongea nawe."

"Wewe hapana, wewe unajua kuongea. Nataka huyo mjukuu wangu. Kwa Kiswahili."

Masikio ya Noordin yakawa mekundu. "Dadima, siwezi..."

"Nimeanza kusikia Kiingereza. Nikate simu?"

Noordin alimtazama Moraa kama mtu aliyesukumwa mtoni. Moraa aliwasha kinasa sauti, akamwonyesha dole gumba.

"Shi... shikamoo, Dadima."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate na nini?"

"Na hiyo... hiyo ya njano."

"Siagi! Ya njano, anasema. Haya. Tuseme mimi niko kitandani, siwezi kuinuka, nakwambia koo limenikauka. Utaniletea hiyo ya njano?"

"Hapana! Nitaleta maji."

"Ya aina gani?"

Noordin alifumba macho. Maneno yalikuja moja moja, kama mtu anayetafuta viatu gizani. "Ya... vuguvugu. Wewe baridi hutaki, meno yanauma. Na limau kidogo. Babu alikuwa anakutengenezea hivyo. Mimi nilikuwa naona. Kila asubuhi."

"Kumbe ulikuwa unatazama," Bi Khurshid alisema. Kisha akakohoa na kuanza kumhoji: mgongo ukiuma atausugua na nini, mto aupange vipi, akimwita na bibi asiposikia atafanya nini. Alimkosoa, akamcheka, akamwita bwana siagi. Noordin alikuwa akijikwaa, akiinuka, na mara moja akamrudishia mzaha hadi bibi yake akacheka kwa sauti. Moraa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hii wapeni," Bi Khurshid alisema. "Hii nimeulizwa."

Papo hapo simu ya Noordin ikatetema. Naye sasa alikuwa mwenye sauti. Alisoma *Shikamoo, habari za asubuhi*, akacheka, akajibu, "Ndiyo. Nimeridhia."

Kumi!

"Mwanafunzi anaingia," Reena alisema. Programu ya Malmö iligonga mlango wa kompyuta nyeusi, ikapokelewa, ikasikiliza. Ilichojifunza kikaenda kwenye kompyuta kuu ya pamoja, hesabu zikafanywa, sikio la kifaa likarekebishwa, likarudi Malmö. Huko walikifungulia kifaa chao sauti ya mzee mmoja aliyeridhia kujaribiwa, sentensi ambayo asubuhi kifaa kilikuwa kimeiandika ovyo.

Reena alisoma jibu kwenye skrini yake, akalisoma mara ya pili kwa sauti. "Wanasema kifaa kimeandika: *Mwanangu, mto umeteleza, niinue kidogo.* Ndivyo alivyosema! Neno kwa neno! Dakika saba kabla ya saa sita! Toronto, mmeingia!"

Moraa alipiga kigelegele kilichofika hadi barabarani. Alimkumbatia Noordin, akaikumbatia skrini, akapiga kigelegele kingine.

"Kelele za nini?" simu iliuliza. "Mimi sijamaliza."

Noordin alivuta kiti karibu na simu, akakaa.

"Endelea, Dadima," alisema. "Nakusikiliza."