Koti Lililofuliwa

Siku ya tatu baada ya mazishi, mjane aliona jambo lililomtia baridi: fahali wao hali wala hanywi. Kasimama tu katikati ya zizi, macho kayaelekeza mlangoni, kama mwenye miadi na mtu.

Walimwita Mstaarabu, maana miaka sita hakuwahi kumpiga mtu hata kwa mkia. Jumatatu asubuhi alimbana mume wa huyu mjane ukutani, akamvunja mbavu za upande mmoja zote, kisha akarudi nyuma taratibu, kama aliyemaliza kazi aliyotumwa.

“Mnyama ni mnyama,” watu wakasema msibani. “Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.”

 Mjane peke yake ndiye aliyejua sababu.

Mumewe alikuwa na koti moja la bluu la kuingilia zizini, halikuwahi kuguswa na maji. “Huyu bwana hanijui kwa macho,” alizoea kusema, “ananijua kwa pua.” Jumapili, mume akiwa safarini, mjane akalifua. Mara tatu, kwa sabuni ya unga. Alitaka kumfurahisha tu. Mume akarudi usiku; kulipokucha akalinusa, akacheka: “Leo nimekuwa bwana harusi!” Akalivaa, akaingia.

Sasa shemeji yake alikuja na kamba begani, amelivaa lilelile. Mama mkwe alikuwa amelifua tena, damu itoke.

“Koti la kaka analiheshimu,” shemeji alisema. “Namfunga, kesho anakwenda kwa mchinjaji. Shemeji, mbona umekauka hivyo? Unamwonea huruma?”

“Mwache leo.”

“Nimwache ale nani tena?” Akashika komeo.

Fahali alinyanyua kichwa. Alivuta pumzi ndefu. Kisha, pole pole, akasogea hatua moja, akaacha upenyo kati ya ubavu wake na ukuta. Upenyo wa kumtosha mtu mmoja. Mjane aliukumbuka. Jumatatu alidhani ni adabu.

“Usiingie!” Sauti ilimtoka kama si yake. “Hakujui! Koti nililifua. Jumapili. Hakumjua kaka yako, na wewe hatakujua.”

Mkono wa shemeji ukabaki juu ya komeo, halafu ukashuka. Akalivua koti kama limeshika moto, akaondoka, kamba ikiburuzika nyuma yake.

Mama mkwe alikuwa kibarazani na ungo wa maharage mapajani. Tangu msiba uingie alikuwa akimwita mjane “mwanangu”.

“Wewe,” alisema, “siku zote hizi nne umekula na mimi sahani moja.”

“Mama, sikujua...”

“Ulijua. Hukusema.” Akainuka na ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mjane alibaki uani, hana pa kwenda. Nyuma yake, fahali hakusogea. Ule upenyo bado alikuwa ameuacha wazi, na sasa alimtazama yeye.